Kwa Nini Nilimchora Gogo Ndani ya Kisanduku

Nyinyi mliobaki pale idarani mnanicheka, najua. Siku ile ya kuniaga, mmoja wenu aliigiza vile ninavyompokea mgonjwa. Akavuta kiti, akatoa karatasi mbili badala ya moja, akakohoa, kisha akauliza kwa sauti ya kuku aliyenyeshewa, "Baba yako ni nani? Haya, sasa niambie tena, baba yako ni nani?" Mlicheka mpaka chai ikamwagika kwenye keki. Nilicheka pia, kwa sababu kijana aliniweza kabisa. Lakini hakuna aliyeniuliza kwa nini mara mbili, na mimi, vile mnavyonijua, sikusema.

Sasa niko nyumbani na ng'ombe wawili ambao hawajali nikinyamaza. Juzi nilifungua sanduku la madaftari yangu ya zamani, yale niliyokuwa nikiandika diari. Yamo yote. Mengine yamenitia aibu upya, lakini nitawaambia.

Nilianza kazi nikiwa na miaka kumi na tisa, nimetoka tu Form Four, ile miaka ya tisini. Nilikuwa karani wa chumba cha eksrei katika hospitali moja ya misheni huku kwetu kwenye majani chai. Niliandika majina ya wagonjwa, nikatundika filamu zikauke, na kila Ijumaa nikanakili orodha ya watu watakaopasuliwa wiki inayofuata. Nilichukuliwa kwa sababu ya mwandiko. Mdomo sikuwa nao. Diari ya wiki ya kwanza inasema hivi: "Leo nimeambiwa niite mgonjwa anaitwa Wilson. Nimesimama mlangoni nikasema Wilson polepole. Hakuna aliyeitika. Nimerudi ndani nikaandika kwamba Wilson hayupo." Wilson alikuwa ameketi hatua mbili kutoka pale mlangoni, na alikaa hapo mpaka saa kumi.

Bosi wangu alikuwa Bwana Nyakundi, Mkisii mfupi, koti lake jeupe lilikuwa refu mpaka likafagia sakafu. Alikuwa fundi wa eksrei wa miaka mingi, na alikuwa na tabia ya kuongea na mashine. "Amka mama, watu wamefika," aliiambia kila asubuhi kabla ya kuwasha. Mimi, Chelang'at, aliniita Karani Kimya.

Halafu akaja Joel Kiprono.

Joel alikuwa mkulima wa majani chai huko Sosiot, mtu wa miaka kama arobaini, na ugonjwa wake ulikuwa umempandisha cheo. Msicheke kabla sijamaliza. Kila baada ya siku chache, bila sababu, moyo wake ulianza kupiga kama anayefukuzwa, kichwa kikamgonga, uso ukawa mweupe na jasho likamtoka mpaka shati likashika mwili. Nusu saa baadaye yuko sawa, anaulizia chakula. Sasa, mara nyingi ilimshika kanisani wakati wa kuinama kuomba, kwa sababu kuinama kulikuwa kunaiamsha. Waumini walipomwona anatetemeka na kulowa hivyo, walisema huyu ameguswa. Wakamfanya mzee wa kanisa.

Ni daktari wetu aliyempima presha katikati ya kutetemeka, akaona namba ikiruka kama panzi. Akashuku uvimbe kwenye tezi ndogo zilizokaa juu ya figo, ule uvimbe unaomwaga kemikali za kushtuka ndani ya damu hata kama hakuna cha kushtukia. Akaagiza kwanza mkojo wa saa ishirini na nne, wote, bila kupoteza tone. Kabla ya hapo, siku tatu bila ndizi, bila kahawa na bila chai, kwa sababu kipimo cha siku hizo kilikuwa kinachanganywa na vitu hivyo.

Bwana Nyakundi alimweleza polepole. Joel akamwangalia kama mtu aliyetukanwa.

"Bila chai? Mimi?"

"Siku tatu tu, mzee."

"Na mgeni akija?"

"Mgeni anywe."

"Anywe peke yake, mimi nikimwangalia? Atasema nimeweka kitu ndani."

Alikubali hatimaye. Tukampa jerikeni ya lita tano yenye asidi kidogo chini, na onyo kwamba isimwagike na isiachwe. Kosa letu la kwanza lilikuwa kumpa siku ya Jumamosi. Mzee wa kanisa hawezi kukosa Jumapili, na kwa kuwa aliambiwa isiachwe, hakuiacha. Aliifunga kwa leso, akaenda nayo mpaka benchi la mbele la wazee, na mara tatu katikati ya mahubiri akatoka nayo nje na kurudi nayo, ameibeba kwa heshima. Mwisho wa ibada mchungaji akasimama, akamshukuru Mzee Joel kwa kuleta mafuta ya taa ya kanisa. Watu wakapiga makofi. Dada mmoja wa kwaya akaja kuipokea.

"Ulifanya nini?" Bwana Nyakundi alimuuliza Jumatatu.

"Nilimwambia bado haijajaa."

Toka siku hiyo, vijana, sikuwahi kumpa mtu jerikeni bila kumuuliza kesho yake ina nini.

Kipimo kikarudi kimepanda sana. Sasa ilibidi tujue uvimbe uko wapi hasa, maana daktari wa upasuaji hawezi kuingia tumboni kubahatisha. Siku hizo picha za aina hiyo zilipigwa Nairobi tu. Leo nyinyi mnabonyeza kompyuta dawa inakuja. Wakati huo dawa yenye miale iliagizwa ng'ambo, ikaja kwa ndege ndani ya chungu cha madini ya risasi, na ilikuwa inapoteza nguvu hata ikiwa safarini. Ukichelewa, umeagiza maji. Siku moja kabla na siku kadhaa baada, mgonjwa alikunywa matone ya iodini, ili tezi ya shingo ishibe isije ikadaka miale ambayo si yake. Joel alisema matone yale yana ladha ya msumari. Akaomba ayatie ndani ya chai. Tukampa maziwa.

Bwana Nyakundi alipelekwa kumsindikiza kwa gari la hospitali, na mimi nikapelekwa kubeba faili. Ndiyo mara yangu ya kwanza kuona kamera ya gama. Haimmuliki mtu kama eksrei. Dawa imeshaingia mwilini, imekwenda kujikusanya kwenye ule uvimbe, na kamera inakaa tu juu ya mtu inasubiri kuona mwanga unatoka wapi. Kazi ya mgonjwa ni kutotikisika, karibu saa nzima. Joel hakuweza. Alikuna pua, akageuza shingo kusalimia kila aliyeingia.

Ndipo Bwana Nyakundi akafanya kitu ambacho nimekitumia maisha yangu yote. Akainama sikioni mwake. "Mzee, funga macho. Uko kwa shamba lako. Anza mstari wa kwanza, chuma majani mawili na ncha, bila kuruka mti." Joel akatulia kama jiwe. Kamera ilipomaliza, tukamgusa. Akafungua jicho moja, amekasirika. "Ngoja, nimebakisha mistari miwili."

Tulirudia kesho yake, kama kawaida ya picha hiyo. Daktari wa picha, mama mmoja mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, akaitundika filamu kwenye mwanga. Mwili wa Joel ulikuwa kama moshi. Ndani ya moshi, madoa mawili meusi, moja juu ya kila figo.

"Pande zote mbili," akasema. Akamwita Joel, akampapasa shingo, akakuta kinundu kidogo. Akatugeukia sisi. "Tezi mbili, na hiki cha shingo. Mara nyingi hii hurithiwa. Mtu anaipata kwa baba au kwa mama, na kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu. Yeye tutamtibu. Ninaogopa wale wasiojua. Mtu mwenye uvimbe kama huu akichomwa sindano ya usingizi kabla ya kuandaliwa kwa dawa, hata kwa upasuaji mdogo, anaweza kufa pale mezani. Nataka ndugu zake wote wa damu. Nani atanichorea familia?"

Bwana Nyakundi akanishika bega. "Huyu. Ni wa huko huko, na mwandiko wake ni kama kitabu."

Alinifundisha kuchora tukiwa njiani kurudi: mwanamume ni kisanduku, mwanamke ni duara, mgonjwa unamjaza wino, aliyefariki unamkata kwa mstari, na watu wa familia moja unawaunganisha kwa mistari. Joel alikaa nyuma kabisa ya gari, kwa sababu aliambiwa kwa siku chache asikae karibu na watoto wala wenye mimba, naye akaamua kuwa karani wa miaka kumi na tisa ni mtoto.

Wiki iliyofuata nikaenda kwake Sosiot na penseli tatu.

Mwenye boma lile alikuwa Gogo Tapsubei. Gogo ndivyo sisi Wakipsigis tunavyomwita nyanya. Alikuwa mzee sana, mrefu, anavaa kofia ya sufi ya kiume, na alipokohoa hata mbwa alisimama. Alinipa chai. Nikanywa. Akanipa nyingine, na ya tatu. Nikauliza majina, akajibu. Joel ana dada mmoja, Rebeka. Mama yao ni huyu hapa anayesonga ugali. "Na baba?" nikauliza, nikiwa tayari najua jibu, na nikitamani nisilijue.

"Baba ni mimi," akasema Gogo.

Nyinyi mliozaliwa mijini nitawafafanulia. Gogo hakujaliwa mtoto wa kiume. Mumewe alipofariki, alifanya vile mila yetu inavyomruhusu mwanamke wa namna hiyo: alitoa mahari, akaoa mke, ili boma lisizimike. Mke huyo ndiye Mama Joel. Watoto aliowazaa ni watoto wa boma la Gogo, na baba yao ni Gogo. Si mchezo wala mfano. Kwenye sherehe aliketi na wanaume, na hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kusema vinginevyo. Yule mwanamume wa damu alijulikana, lakini hakutajwa. Kumtaja ni kama kumwambia mwenye boma kwamba boma si lake.

Kila mtoto wa huku alijua hivyo. Mimi nilijua. Na nilijua pia kwamba daktari anataka damu, na damu haijui mahari. Nilitakiwa niulize swali moja tu. Nikaangalia kikombe. Nikaangalia mbwa. Halafu nikachukua penseli, nikamchora Gogo Tapsubei ndani ya kisanduku, kizuri, kona zote nne sawa, nikaandika "Baba, yu hai, mzima." Nikaaga.

Rebeka na mama yake walikuja wakapimwa. Wazima. Gogo naye alikuja mwenyewe kwa fimbo, muuguzi akampima presha, Bwana Nyakundi akaletewa namba tu. Ya msichana. Mchoro ukatumwa Nairobi, na baada ya siku kadhaa simu ikaja. Bwana Nyakundi aliisikiliza, akaandika, akakata akiwa na furaha.

"Daktari anasema baba mzima, mama mzima, dada mzima. Basi ugonjwa umeanza na Joel mwenyewe, inatokea. Tupime watoto wake, kisha tufunge faili. Kazi safi, Karani Kimya."

Diari yangu ya siku hiyo ni mstari mmoja: "Leo nimemdanganya daktari bila kusema neno."

Ya kesho yake ni ndefu zaidi. "Kuna mtu mahali fulani ana uvimbe na hajui. Labda ni mwalimu. Labda ana watoto. Ataumwa jino, atalala kwenye kiti, hataamka, na sababu ni kwamba mimi niliona haya mbele ya mbwa." Ya tatu imeandikwa "Nitasema leo" asubuhi, na chini yake, kwa wino tofauti, "Sijasema."

Siku mbili zaidi zikapita hivyo hivyo. Siku ya sita niliingia chumba cha giza, pale tulipokuwa tunaosha filamu, kwa sababu gizani uso wangu hauonekani. "Bwana Nyakundi," nikasema, "yule baba wa Joel ni mwanamke."

Nikasikia koleo ya filamu ikianguka majini.

"Rudia."

Nikarudia, na nikaeleza yote. Kisha kutoka gizani sauti ikasema polepole, "Chelang'at. Daktari wa Nairobi aliponipigia simu, nilimwambia baba ana miaka themanini na presha ya msichana. Akasema ni ajabu. Sasa naona haikuwa ajabu." Akaanza kucheka, akacheka mpaka akashikilia sinki, halafu akaacha ghafla. "Ina maana damu ya baba hatujaigusa. Kofia iko wapi? Twende sasa hivi."

"Gogo atanilaani."

"Atalaani wawili. Mimi ni mgeni, laana ya huku hainijui vizuri."

Tulimkuta Gogo amekaa nje anachambua mboga. Bwana Nyakundi akafungua mdomo, nami, sijui nguvu ilitoka wapi, nikamtangulia. Nilisema nikiangalia miguu yangu.

"Gogo, wewe ni baba wa Joel, hilo limeandikwa na halitafutwa. Lakini ugonjwa wake umepita kwa damu. Kuna watu wanaweza kufa kwa kukosa kuambiwa. Naomba unitajie damu."

Mboga zikaacha kuchambuliwa. Mama Joel, mlangoni, akaingia ndani haraka.

"Ulikunywa chai yangu vikombe vingapi siku ile?" Gogo akauliza.

"Vitatu, Gogo."

"Vitatu. Na hilo swali ulikuwa nalo?"

"Nilikuwa nalo."

"Sasa kwa nini ulikunywa chai tatu na swali likakaa tumboni? Mimi nilioa mke mbele ya ukoo mzima, mchana kweupe. Unafikiri sikujua watoto hawatoki kwa kofia?" Bwana Nyakundi akageuka kuangalia majani chai, mabega yanatikisika. "Boma nimelijenga mimi. Damu niliazima. Ukitaka kujua ya boma, uliza boma. Ukitaka ya damu, sema damu. Aibu ilikuwa yako, lakwet, usinibebeshe."

Lakwet maana yake mtoto. Sijawahi kugombezwa vizuri namna hiyo.

Kisha akasema. Alikuwa fundi wa mawe kutoka Ndanai, aliyekuja kujenga shule, mtu mpole, anatoka jasho hata kwa baridi. Alikwisha kufariki. "Alienda kutolewa henia, kitu kidogo. Walisema alikufa kabla kisu hakijamgusa." Bwana Nyakundi aliacha kutabasamu. "Na aliacha mtoto mmoja kwa mke wake wa Ndanai. Binti. Esta. Nasikia ana uvimbe wa shingo, na wiki hii anaenda kukatwa hospitali."

"Hospitali gani, Gogo?"

"Si hiyo yenu?"

Nilifunga macho na nikaona mwandiko wangu. Orodha ya Ijumaa, mstari wa sita: Esta, Ndanai, shingo, Alhamisi. Niliuandika mwenyewe, herufi zimelala vizuri, siku hiyo hiyo niliyomdanganya daktari. Na hiyo ilikuwa Jumatano.

Tulirudi kwa kasi ambayo dereva hajawahi kuisamehe. Niliingia wodi ya wanawake, na pale mlangoni, vijana, mimi niliyeshindwa kumwita Wilson, nilipaza sauti: "Esta wa Ndanai!" Wagonjwa kumi na wawili wakaruka. Muuguzi akadondosha trei. Mama mmoja aliyekuwa mwishoni, anasuka kikapu, akainua mkono. "Ni mimi. Kwani nimefanya nini?"

"Una jasho?" nikamuuliza. Ndilo swali la kwanza lililokuja.

Akaniangalia. "Tangu nizaliwe."

Hakupasuliwa Alhamisi. Alipimwa, presha ikaruka kama ya Joel, akaenda Nairobi, na kwenye filamu yake doa jeusi lilikuwa juu ya figo ya kushoto, limekaa likisubiri. Aliandaliwa kwa dawa wiki kadhaa, uvimbe wa juu ya figo ukatolewa kwanza, wa shingo baadaye, kwa mpango huo na si kinyume chake. Joel naye alipasuliwa na akapona, na mpaka leo anameza vidonge vyake kila asubuhi. Lalamiko lake ni moja tu: jasho liliisha, na kanisani wakaanza kusema amepoa.

Mwezi uliofuata nilirudi Sosiot na karatasi mpya. Nilimwonyesha Gogo mti wa damu, fundi wa mawe akiwa juu, amejazwa wino na kukatwa kwa mstari, na chini yake Joel, Rebeka na Esta. Aliuangalia kwa muda.

"Na mimi niko wapi?"

"Kwa huu hupo, Gogo."

"Basi huo ni wa hospitali. Nichoree wangu."

Nikatoa karatasi ya pili. Nikamchora juu kabisa, ndani ya kisanduku, kona zote nne sawa. Akaniamuru nimweke mkewe, na Joel, na Rebeka, na watoto wao, na baada ya kufikiri kidogo, Esta pia, kwa sababu alikuwa ameanza kuja kila mwezi kunywa chai. Akauliza mbona Joel na Esta wamepakwa wino na yeye hakupakwa. Nikasema wino ni ugonjwa. "Niache mweupe," akasema haraka. Kisha akaweka kidole pembeni, pale karatasi ilipokuwa tupu.

"Na wewe?"

"Mimi si wa familia, Gogo."

"Umeniuliza jambo ambalo hata mkwe haulizi. Jichore."

Nikajichora, kaduara kadogo, huko mwisho wa karatasi, peke yake.

Gogo akaupiga kwa ukucha ule mwanya uliobaki kati yangu na wengine. "Mstari," akasema. "Weka mstari."